Vijidudu vyeupe visivyo na macho kisimani: ni ukoo mmoja, na nani huamua kwamba ni spishi mpya?

Swali: Msomaji mmoja wa Makunduchi, Unguja, anaandika kwamba kijijini kwao kuna pango lenye kisima cha asili ambacho wazee walikuwa wakiteka maji kabla ya mabomba kufika. Vijana walipoteremka kukisafisha wakati wa kiangazi, waliona ndani ya ndoo vijidudu vyeupe mfano wa uduvi, vinavyopenya mwanga, visivyo na macho. Mtu mmoja amemwambia kwamba wanyama vipofu wa mapangoni wote ni ukoo mmoja na walikwisha kuandikwa zamani. Mwingine amemwambia kwamba hawa ni wapya kwa sayansi na kwamba yeye, kwa kuwa ndiye aliyewaona, ana haki ya kuwapa jina. Anataka kujua yupi amesema kweli, wataalamu hutambua vipi, na kama maji yale bado yanafaa kunywewa.

Jibu: Ndugu msomaji, yule wa kwanza amekosea moja kwa moja. Wa pili huenda akawa na kweli nusu, lakini kwa sasa si yeye wala mimi tunayeweza kusema hivyo, na kuhusu haki ya kutoa jina hakueleza sawasawa.

Nianze na suala la ukoo, kwa sababu ndilo msingi wa mengine yote. Upofu si alama ya ukoo. Mnyama wa majini ambaye vizazi vyake vimeishi gizani kwa muda mrefu huelekea kupata umbo la namna moja, awe ametoka jamaa gani: macho hupungua au hutoweka kabisa, rangi ya mwili hupotea hata utumbo ukaonekana kwa nje, vipapasio na miguu hurefuka, na vinyweleo vya kunusia na kugusia huongezeka. Mabadiliko hayo yametokea mara nyingi na kila mara peke yake, kwa kamba, kwa jamaa za uduvi, kwa krasteshia wengine (kundi la wanyama wenye gamba na miguu mingi, kama kaa na kamba) walio wadogo hata hawaonekani vizuri bila hadubini, na hata kwa samaki, ambao si krasteshia kabisa. Kuwakusanya wote katika kundi moja kwa kuwa hawana macho ni sawa na kuwahesabu wazee wote wenye mvi kuwa watoto wa baba mmoja.

Mfano ulio wazi zaidi kuhusu jambo hili uko Slovenia, nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni chokaa iliyotobolewa na maji. Huko anaishi krasteshia mdogo aitwaye Asellus aquaticus, ambaye katika mito na madimbwi ya juu ana rangi ya kahawia na macho, na ambaye katika mito inayopita chini ya ardhi ni mweupe na hana macho. Ukiwatazama kwa haraka utaapa kwamba ni wanyama wawili tofauti. Hata hivyo wanaweza kuzaliana, na kwa kutumia uzao wao uliochanganyika, Meredith Protas, Peter Trontelj na Nipam Patel walionyesha mwaka 2011 kwamba upotevu wa macho na rangi unatokana na sehemu chache tu za jenomu, yaani jumla ya habari za urithi za mnyama. Kwa maneno mengine, tofauti inayotushangaza sana kwa macho yetu inaweza kuwa ndogo sana katika urithi. Na kinyume chake pia ni kweli, kama nitakavyoonyesha: wanyama wawili wanaofanana kwa kila kitu kinachoonekana wanaweza kuwa wametengana kwa mamilioni ya miaka.

Kwa hiyo mwainishaji, yaani mtaalamu wa kupanga wanyama kwa nasaba zao, hujilazimisha kwanza kuyaweka kando yale ambayo giza limeyatenda, kisha hutafuta yale ambayo giza haliyagusi. Sehemu za mdomo, idadi ya pingili, mahali gamba linapoanzia na kuishia, namna miguu ilivyogawanyika, mpangilio wa miiba kwenye kipande cha mwisho cha mkia, na hasa namna jike anavyobeba mayai, hayo ndiyo hueleza nasaba.

Sehemu ya kwanza ya uchunguzi huo unaweza kuifanya mwenyewe bila kumwua mnyama. Mweke mmoja kwenye kisahani cheupe au cheusi chenye maji ya kisima kile kile, kivulini, na umtazame kwa kioo cha kukuzia akiwa hai, kwa sababu mwendo wake ni ushahidi ambao ukishamtia kwenye alkoholi hutaupata tena. Akiwa amebanwa ubavuni, mgongo umepinda, na anapotua hulala kwa ubavu, huyo ni amfipodi. Akiwa bapa kutoka juu kwenda chini, hana gamba la kufunika kifua, na anatambaa kwa jozi saba za miguu inayofanana, huyo ni isopodi. Akiwa ni nukta inayoruka kwa kushtuka, yenye urefu wa milimita moja au chini ya hapo, yaelekea ni kopepodi. Wanaowachanganya watu zaidi ni wale wenye umbo la uduvi, kwa sababu hapo kuna makundi mawili yasiyo na undugu wa karibu: kamba wenyewe na misidi. Tafuta jike mwenye mayai. Kamba wa maji baridi hubeba mayai chini ya sehemu ya nyuma ya mwili, yakiwa yameshikamana na miguu ya kuogelea. Misidi huyabeba chini ya kifua, ndani ya mfuko uliofanywa na vibamba vyembamba vinavyopishana, na wana hutoka humo wakiwa wamekwisha kuumbika. Mfuko huo wanao amfipodi na isopodi vilevile, na ndiyo maana mwainishaji huwaona misidi kuwa jirani zaidi na amfipodi kuliko na kamba, ingawa sokoni mtu yeyote angewatia kwenye fungu moja na uduvi.

Nimekaa juu ya misidi kwa makusudi. Kisiwa chako kina historia yake katika elimu hii, na wengi wa wenyeji hawajapata kuisikia. Mwaka 1924 mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, Louis Fage, alichapisha maelezo ya misidi wa aina ambayo haikuwa imejulikana, kutoka maji ya chini ya ardhi ya Zanzibar. Mnyama huyo ni mweupe, na mahali pa macho yenye vikonyo ana vigamba viwili bapa visivyo na chembe ya kuonea. Vigamba hivyo peke yake havikutosha kumweka mahali pake, kwa sababu kuna misidi wengine wasioona ambao si jamaa zake. Jambo lenye uzito zaidi liko mkiani. Ukimlaza misidi wa kawaida wa baharini chini ya hadubini na kuutazama mkia wake uliokunjuka, utaona katika vile vipande viwili vya ndani vijiwe viwili vya mviringo vinavyong'aa, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo vinavyompa mnyama habari ya wapi ni juu na wapi ni chini. Misidi wa Zanzibar hana vijiwe hivyo. Kukosa vijiwe hakutokani na giza, maana ndani ya giza mnyama anahitaji zaidi kujua juu na chini, si kidogo. Ni dalili kwamba anatoka tawi jingine lililoachana na misidi wa kawaida zamani sana.

Jina alilopewa lilikuwa na safari ndefu ambayo inafaa kuielewa kabla hujafikiria kumpa jina mnyama wako. Fage aliiita jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, Lepidophthalmus, lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa mwaka 1904 kwa krasteshia mwingine anayechimba mashimo kwenye tope la pwani. Kanuni haziruhusu jenasi mbili za wanyama kuwa na jina moja, na aliyetangulia ndiye mwenye haki. Likatolewa jina la Lepidops mwaka 1927, kisha Lepidomysis mwaka 1961. Baadaye ilionekana kwamba mnyama wa Zanzibar ni wa jenasi moja na misidi kipofu wa kusini mwa Italia ambaye Ernesto Caroli alimwita Spelaeomysis mwaka ule ule wa 1924, na hilo ndilo jina la jenasi linalotumika leo. Neno la pili alilolichagua Fage, servatus, ambalo kwa sarufi ya Kilatini huandikwa pia servata, limebaki naye, na jina la Fage pamoja na mwaka wake huandikwa katika mabano ili msomaji ajue kwamba spishi ilihamishwa kutoka jenasi aliyowekwa mwanzo. Familia nayo bado inaitwa Lepidomysidae, kumbukumbu ya moja ya majina yaliyoachwa.

Jamaa wengine wa jenasi hiyo wanaishi wapi? Wako Italia, wako katika visima vya Kerala nchini India, wako katika mapango ya Mexico, na mmoja ameandikwa kutoka maji yaliyo ndani ya mashimo ya kaa wa nchi kavu huko Amerika. Hakuna mnyama wa urefu wa milimita chache, anayeishi gizani, ambaye angesafiri baina ya nchi hizo kwa miguu yake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wazee wao walienea katika bahari ya kale iliyozitenganisha nchi za kaskazini na za kusini kabla mabara hayajakaa yalivyo sasa, na kwamba bahari ilipojivuta wakaachwa katika nyufa za pwani, wakazoea maji yenye chumvi kidogo na hatimaye maji baridi. Kwa hiyo msomaji wa Makunduchi anayetazama misidi mweupe katika ndoo anatazama mnyama ambaye ndugu zake wako nchi kama Italia na India, si wale uduvi wanaoanikwa pwani ya Makunduchi.

Mfano wa pili wa bara letu ni mzito zaidi kwa upande wa uainishaji. Mwaka 1957 Isabella Gordon, Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa krasteshia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, alimweleza mnyama kutoka maji ya pango la Table Mountain, Afrika Kusini. Alimwita Spelaeogriphus lepidops. Pango lenyewe liko katika jiwe la mchanga, jambo la kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba wanyama hawa hupatikana kwenye chokaa na matumbawe pekee. Mnyama huyo hafikii sentimita moja. Ana mwili mrefu mwembamba unaomkumbusha mtu isopodi, ana gamba fupi lililoungana na pingili ya kwanza tu ya kifua, na ana mkia mpana unaofanana na wa misidi. Mahali pa macho pana vinundu visivyoona. Hakupata nafasi katika oda yoyote iliyojulikana, yaani kundi kubwa linalokusanya familia kadhaa, na kila moja ilimkataa kwa sababu yake: kwa isopodi gamba lilizidi, kwa misidi gamba lilipungua, na jamaa wale wenye gamba fupi kama lake wana magando ambayo yeye hana. Ikabidi aundiwe kundi lake mwenyewe, Spelaeogriphacea.

Kwa miaka 30 kundi hilo zima lilikuwa na spishi hiyo moja. Kisha mwaka 1987 akaelezwa wa pili, Potiicoara brasiliensis, kutoka mapango ya Mato Grosso do Sul nchini Brazil, na mwaka 1998 Gary Poore na William Humphreys wakamweleza Mangkurtu mityula kutoka maji ya chini ya ardhi ya Millstream, magharibi mwa Australia. Afrika Kusini, Brazil na Australia zilikuwa sehemu za bara moja la kale, na hapo ungeweza kufunga hesabu kwamba kundi hili ni la bara hilo. Lakini visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika miamba, vimezuia haraka hiyo. Kuna mnyama wa kundi hili katika miamba ya Canada yenye umri unaozidi miaka milioni 300, na wengine katika miamba ya China na Hispania yenye zaidi ya miaka milioni 100. Kumbe kundi lilienea sehemu kubwa ya dunia, na waliobaki hai ni wale tu waliokimbilia chini ya ardhi. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kuwachunguza wanyama wa mapangoni: wanatuhifadhia matawi ya uhai ambayo juu ya ardhi yalikwisha kukatika.

Sasa, mtaalamu anawezaje kusema kwamba mnyama fulani ni spishi mpya? Kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono na ya subira. Mnyama huwekwa ndani ya gliserini kwenye kipande cha kioo, kisha kwa sindano nyembamba viungo vyake hutolewa kimoja kimoja kwa mpangilio: vipapasio, taya, miguu yote ya kifua, miguu ya kuogelea, na mkia. Kila kiungo huchorwa kupitia hadubini yenye kifaa cha kuchorea, na kila mwiba na unywele huhesabiwa. Michoro hiyo hulinganishwa na maelezo ya kila spishi ya jenasi ile iliyokwisha kuchapishwa, na panapowezekana na vielelezo vyenyewe vilivyomo makumbushoni. Ni lazima pia kupata madume, majike na wachanga, kwa sababu mara nyingi dume mzima ana kiungo kilichobadilika ambacho ndicho kitambulisho cha spishi, na spishi kadhaa zimewahi kuandikwa mara mbili kwa kuwa mwandishi wa pili aliona mchanga akadhani ni kitu kipya.

Umbo peke yake, hata hivyo, halitoshi, na hapa ndipo DNA ilipoleta msaada mkubwa pamoja na hatari yake. Kwa krasteshia husomwa kwanza kipande cha jeni iitwayo COI, chenye herufi 658 hivi. Katika milima ya Dinari, kuanzia Italia hadi Bosnia na Herzegovina, yuko kamba kipofu maarufu, Troglocaris anophthalmus, aliyeelezwa mwaka 1848. Kwa zaidi ya miaka 150 alihesabiwa kuwa spishi iliyoenea mapango mengi. DNA zake ziliposomwa alionekana kuwa kundi la nasaba kadhaa zilizotengana. Huko Ufaransa amfipodi Niphargus virei naye aligawanyika vivyo hivyo mwaka 2006 katika nasaba tatu ambazo jicho halikuweza kuzitofautisha. Trontelj na wenzake, walipopima wanyama wengi wa maji ya chini ya ardhi mwaka 2009, walikuta kwamba spishi yenye eneo linalozidi kilomita 200 ni nadra. Mantiki yake inaeleweka: mnyama asiyeweza kutoka nje ya ufa wake hawezi kuchanganyika na jirani aliye bonde la pili.

Hatari niliyoitaja ni ya kuigeuza DNA kuwa rula. Mwaka 2006 Tristan Lefébure na wenzake walipendekeza kwamba, kwa krasteshia, nasaba mbili zinazotofautiana katika COI kwa zaidi ya 0.16 kwa kila nafasi zina uwezekano mkubwa wa kuwa spishi mbili. Ni kipimo chenye manufaa kama kengele ya tahadhari. Lakini COI hurithiwa kwa mama peke yake, na jamii ndogo zilizotengwa katika mapango huweza kutofautiana katika jeni hiyo kabla hazijawa spishi mbalimbali. Mimi simkubali mwandishi anayetangaza spishi mpya kwa kipande hicho kimoja bila jeni ya kiini cha seli, bila michoro, na bila kutueleza nini kinazuia wanyama hao wasizaliane. Vilevile simkubali anayechora miiba kwa ustadi wote akakataa kusoma DNA, kwa sababu mapangoni umbo hudanganya pande zote mbili.

Kuhusu haki ya kutoa jina, Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama haimpi haki hiyo aliyeona kwanza. Inampa aliyechapisha kwanza kwa utaratibu unaotakiwa. Ni lazima jina liwe la maneno mawili kwa herufi za Kilatini, liambatane na maelezo yanayomtofautisha mnyama, na tangu mwaka 2000 ni lazima mwandishi ataje kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, pamoja na taasisi kinakohifadhiwa. Chapisho la intaneti hukubaliwa tangu mwaka 2012, mradi limesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Picha iliyorushwa kwenye simu pamoja na jina zuri haina nguvu yoyote kikanuni. Aliyeona kwanza anaweza kushirikishwa kama mwandishi mwenza, anaweza kuheshimiwa kwa spishi kuitwa jina lake au la kijiji chake, na mtafiti mwungwana hufanya hivyo. Kama atakuja mtu kuchukua vielelezo, hilo ni jambo la kukubaliana naye mapema, pamoja na sharti kwamba sehemu ya vielelezo ibaki nchini.

Wanyama wa pangoni kwenu wana uwezekano wa namna tatu. Huenda ni Spelaeomysis aliyeelezwa na Fage; hilo lenyewe lingekuwa habari njema, kwani kumpata tena mnyama wa mwaka 1924 na kuisoma DNA yake ni kazi inayostahili kuchapishwa. Huenda ni jamaa yake ambaye hajaandikwa. Na huenda si misidi kabisa. Kinachohitajika ni sampuli iliyochukuliwa vizuri, na kabla ya hiyo kibali cha mamlaka za Zanzibar zinazosimamia utafiti na idhini ya wenye pango, hasa kama pango linahusika na mizimu au maziara. Wasiliana na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapo hapo Unguja, au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Sampuli yenyewe haihitaji vifaa vya gharama. Wavu wa kitambaa chenye matundu madogo sana, uliofungwa uzito chini, huteremshwa hadi sakafuni mwa kisima, ukatikiswa kidogo ili kuchokoa mashapo, kisha ukapandishwa taratibu mara kadhaa. Chupa yenye mdomo mwembamba na kipande kidogo cha nyama ya kamba ndani, ikiachwa usiku mmoja, huwanasa wale wasiopatikana kwa wavu. Wanaochukuliwa hutiwa katika alkoholi ya asilimia 95, wala si fomalini, kwa sababu fomalini huharibu DNA. Ndani ya kichupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, kina cha maji, na jina la aliyekusanya, maana wino huyeyuka katika alkoholi, na kielelezo kisicho na mahali hakina thamani. Kama mnaweza kupata kipimo cha chumvi, andikeni chumvi ya juu na ya chini, kwa sababu katika miamba ya matumbawe ya Unguja maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na wanyama wa tabaka moja huweza kuwa tofauti na wa tabaka la pili.

Wachache wanatosha, na majike yenye mifuko ya mayai warudishwe. Wanyama wa mapangoni huzaa kidogo na hukua polepole. Huko Alabama, Marekani, kambamto kipofu Orconectes australis alikadiriwa mwaka 1975 kuwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Vipimo vya upya vilivyochapishwa mwaka 2012 vimeteremsha umri huo hadi miaka 22 hivi, ambao bado ni mrefu kwa mnyama wa ukubwa wake. Katika pango moja la jimbo hilo, Shelta, yuko jamaa yake, Orconectes sheltae, ambaye baada ya mwaka 1988 hakuonekana tena hadi mwaka 2019. Waliompata hawakumwua, walichukua kipande kidogo cha tishu kwa ajili ya DNA, wakamwachia. Upungufu wake unahusishwa na uchafu wa mji uliojengwa juu ya pango, na lango lililowekwa mlangoni likawafukuza popo, ambao kinyesi chao kilikuwa chakula cha wote waliomo. Kwa hiyo mkiamua kulilinda pango lenu kwa kuweka nondo, acheni nafasi ya popo kupita.

Limebaki swali lako la maji. Kuwepo kwa wanyama hawa kunaonyesha kwamba kisima kimeunganika na mtandao wa nyufa za mwamba na kwamba kina hewa ya kutosha, lakini hakuthibitishi kwamba maji ni salama kwa binadamu. Nyufa zile zile zinazowaleta wao huleta pia yanayotoka kwenye vyoo vya shimo, na katika matumbawe maji hupita haraka bila kuchujwa. Ombeni maji yapimwe bakteria wa kinyesi. Hadi majibu yatoke, ya kunywa yachemsheni, au yatieni dawa ya klorini ndani ya ndoo baada ya kuteka, kamwe si ndani ya kisima chenyewe.